Namba Arobaini na Moja Hajakosa Siku

Magoti yangu nayatumia kanisani na kwenye kupiga deki. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu kuna wasomaji walioniandikia wiki hii wakinishauri nirudi kwa Bwana Matheka nikampigie magoti, ati mwanamke akijishusha hupata. Mimi nimewahi kujishusha, na nilichopata ni maumivu ya mgongo.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: naitwa Koki Nyamai, wa Buruburu Phase Two. Nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha mablanketi cha Joto Tele, Industrial Area, mpaka siku nilipokataa kumpikia chai ofisa wetu wa wafanyakazi, Bwana Matheka. Akanitoa kwenye taipureta akanitupa getini. Nikiwa huko getini nikasikia kwamba kampuni imenunua kompyuta na hakuna anayejua kuitumia. Nikamwambia Matheka, mbele ya watu, kwamba nitajifunza mimi na kiti cha mashine hiyo nitakikalia mimi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki iliyopita niliwaacha hapo, yeye ameshika ukuta.

Basi mwacheni aendelee kuushika. Mimi nilienda chuoni.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya bucha, pale madukani Buruburu. Wanafunzi tulijaa mpaka dirishani na kompyuta ilikuwa moja. Kwa hiyo kila mtu alikuja na kadibodi yake, ameichora visanduku kwa rula, herufi juu na namba pembeni, kama ule ukurasa wa Lotus, programu ya mahesabu, unavyoonekana kwenye kioo. Tuliandika kwa penseli. Mashine yetu alikuwa mwalimu mwenyewe.

Mwalimu Phares alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye viatu vya raizoni vya rangi mbili, soli nene kama mkate, mtindo ambao Nairobi nzima ilikuwa imeshausahau. Tulimcheka kisirisiri. Alipita katikati yetu, anainama juu ya kadibodi yako, na chochote ulichoiagiza mashine alikifanya yeye kichwani na kukujazia jibu. Ukikosea alitoa sauti puani, tiit, akapita.

"Koki, hapa chini unataka nini?"

"Jumla ya hivi vya juu, mwalimu."

"Tiit. Mimi ni mashine. Hivi vya juu sivijui. Vianzie wapi, viishie wapi?"

"Kuanzia B mbili hadi B kumi."

"Sasa nimekuelewa."

Nilikipenda kile chumba kwa sababu ya maneno hayo mawili. Nimeishi na watu walionielewa nusu halafu nusu nyingine wakaijaza wenyewe. Hapa, ukisema sawasawa, unaeleweka.

Mambo mawili alituimbia kila siku. La kwanza: unapopanga watu, wa kwanza mpaka wa mwisho, shika mstari wote, jina pamoja na siku zake. Ukihamisha majina peke yake umemvika mtu maisha ya jirani yake. La pili: diski moja ni sawa na kutokuwa na diski. Kila mwanafunzi aliyekuwa na kazi yake ya kweli aliacha nakala kwa mwalimu, ndani ya mkebe wa biskuti wa bluu uliokaa juu ya kabati. Mkebe ule ulikuwa na kufuli. Tuliuamini kuliko posta.

Sasa niwaeleze geti letu, maana kila kitu kilianzia hapo.

Geti la Joto Tele halina dirisha. Lilikuwa nalo zamani, lakini vibarua walikuwa wanabishana na karani, basi likazibwa kwa matofali likabaki tundu la kupitisha mkono. Asubuhi mkono unaingia, natia kibati cha namba kiganjani, naandika kwamba namba fulani ameingia. Jioni mkono unarudisha kibati. Ndiyo sababu vibarua wetu niliwajua kwa mikono tu. Namba kumi na saba alikatika kidole. Namba arobaini na moja siku nyingine alivaa bangili ya shaba, siku nyingine hakuivaa. Sikuliwazia sana hilo. Mtu na bangili yake.

Na sheria mnaijua nyinyi mnaolala Mukuru kwa Reuben na kuamkia viwandani: kibarua akikosa siku moja, kibati chake anapewa mwingine anayengoja nje, na hakioni tena. Uwe umefiwa, uwe umejifungua, tundu halina masikio.

Siku moja Bwana Matheka akaja getini mwenyewe. Nilijua ana shida, kwa sababu alinisalimia.

"Habari ya asubuhi, Koki."

"Nzuri, Bwana Matheka."

"Ile mashine. Mkurugenzi anakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Anataka kuona inatufanyia kazi gani."

"Mwambie inafunikwa."

Na ni kweli ilifunikwa. Mke wa Matheka alikuwa ameishonea kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua, kama kile cha redio ya sebuleni. Chumba chake kilikuwa na zulia, na aliyeingia sharti avue viatu mlangoni, kwa vile Matheka alisikia kwamba vumbi huua kompyuta. Hakuna aliyeigusa. Iliheshimiwa tu.

Matheka alilimeza jibu langu. Akanieleza kwamba Mkurugenzi anataka kumpa kibarua mmoja kazi ya kudumu, yule anayehudhuria kuliko wote. Mwaka uliotangulia Matheka ndiye aliyechagua, na kiwanda kizima kikasema amechagua mtu wa kwao. Safari hii itachagua mashine.

"Mashine haina kabila, Koki. Haina kijiji wala shemeji."

"Na anayeiendesha?"

"Ukifaulu, kiti ni chako. Ukiniaibisha, Jumatatu usije hata hapa getini."

Nikamwambia ayarudie maneno hayo mbele ya bawabu. Akayarudia, uso umemvimba.

"Na mashine ikiimeza kazi yote?" akauliza.

"Haiwezi. Kila Jumamosi nitapeleka nakala kwa mwalimu wangu, Phares, juu ya bucha pale Buruburu. Itakaa ndani ya mkebe wa biskuti, na kufuli juu."

Nilisema hivyo kwa maringo. Kumbukeni hayo maringo.

Wasomaji, sitawachosha na jinsi nilivyofanya kazi. Nilivua viatu, nikakunja kile kitambaa cha maua nikakiweka kando, nikaingiza mahudhurio ya mwaka mzima ya vibarua wote. Moja kwa siku ya kazi, sifuri kwa siku ya kukosa. Nikaiambia mashine ijumlishe kila mstari. Kisha nikashika mistari yote, majina pamoja na siku zake, nikaiagiza ipange: wenye siku nyingi juu.

Kioo kikatulia kidogo, halafu majina yakajipanga upya. Juu kabisa alikaa namba arobaini na moja. Hakuwa na sifuri hata moja. Hata zile siku za mvua kubwa, Mto Ngong ulipoingia ndani ya nyumba za watu, alikuja. Jina lake: Wayua.

Nilifurahi, lakini si kwa muda mrefu. Wayua ni jina la kwetu Ukambani. Mimi Mkamba, Matheka Mkamba, na sasa mashine nayo imekuwa Mkamba. Nilijua watakachosema watu kabla hawajafungua midomo.

Nikasema nitamwona kwanza kwa macho yangu. Jumapili, baada ya kanisa, nikashuka Mukuru kwa Reuben nikaulizia mpaka nikaonyeshwa chumba cha mabati kando ya kiosk ya mafuta ya taa. Wayua alikuwa amekaa kizingitini anamwosha mtoto kwenye beseni. Alinitazama vidole kabla ya kunitazama uso.

"Wewe ni ule mkono wa tunduni," akasema. "Nakujua kwa hizo kucha nyekundu."

Sikuwahi kufikiria kwamba na mimi kwao nilikuwa mkono.

Nikampa habari njema: yeye ndiye wa kwanza katika kiwanda kizima, kazi ya kudumu iko mlangoni. Hakucheka. Aliendelea kumwagia mtoto maji kichwani polepole.

"Mtoto mzuri," nikasema, ili niseme kitu. "Ana umri gani?"

"Alizaliwa wakati wa baridi. Mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba ulikuja kazini kila siku."

Akamfuta mtoto maji usoni. Nikahisi kivuli nyuma yangu. Mwanamke mrefu alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, mtungi wa maji kichwani, na mkono ulioushika mtungi ulikuwa na bangili ya shaba.

"Mwezi wa saba nilikuja mimi," akasema.

Huyo ni Adoyo. Chumba chake kimepakana na cha Wayua, ukuta ni bati moja. Adoyo alikuwa na mtoto mdogo, Wayua alikuwa na mimba na kisha mtoto, na hakuna wa kuwaachia. Kila mmoja peke yake angekosa siku na kupoteza kibati. Basi wakashika kibati kimoja, chenye jina la Wayua. Leo huyu anaenda, yule anabaki na watoto wote wawili na kuwanyonyesha wote wawili. Kesho wanabadilishana. Mshahara wanaukata katikati. Tundu la ukutani lilitaka mkono tu, na mkono waliuleta.

"Mnajua mmenifanya nini?" nikauliza. Nilikuwa na hasira, sitawaficha. "Kazi ya kudumu inataka picha na kitambulisho. Wayua akiandikwa, Adoyo amekwisha. Mkijulikana mmekwisha wote. Na mimi pamoja nanyi."

"Sisi hatukukuomba utuhesabu," Adoyo akasema, akautua mtungi.

Hapo alinipata. Nikakaa kwenye kigoda alichonisogezea. Baadaye nikawaambia nilichokuwa nacho moyoni tangu nione ile bangili.

"Nitatia sifuri chache. Ni kubonyeza tu. Namba nyingine itapanda juu, nanyi mtaendelea kama kawaida. Hakuna atakayejua."

Wayua alimtoa mtoto kwenye beseni akamkunja ndani ya khanga.

"Sifuri ya siku gani, Karani?"

"Yoyote."

"Hapana, niambie siku gani. Nionyeshe siku ambayo ile kazi haikufanywa. Yako wapi hayo mablanketi ambayo hayakupakwa rangi?"

"Wayua, nataka kuwasaidia."

"Utusaidie kwa kusema hatukuja? Tulikuja. Hii mikono imebabuka kwa hiyo rangi, yote minne. Mwaka mzima tumekuwa mkono tu kwenye tundu. Mimi nimechoka kuwa mkono."

"Andika tulichofanya," Adoyo akasema. "Ijumaa tutajua wenyewe la kufanya."

Niliwaomba waniambie ni lipi hilo. Wakanipa uji.

Nilirudi Buruburu kwa miguu, Jogoo Road yote, nikigombana nao kichwani. Wamenikalia juu ya kiti changu, nilijiambia. Nimekisomea kiti hicho kwenye kadibodi, na sasa wanawake wawili wamekikalia na watoto wao. Lakini kila nilipojaribu kuwakasirikia sawasawa, nilijiona mimi nikitolewa kwenye taipureta. Ningekubali nani aandike sifuri kwenye siku nilizofanya kazi? Hakuna. Basi.

Ijumaa ikafika.

Tulikuwa wanne ndani ya kile chumba, wote bila viatu. Mkurugenzi, mtu mzito mwenye sauti ya chini, soksi yake imetoboka kwenye kidole gumba. Bwana Matheka, ananukia pafyumu. Omolo, mwakilishi wa wafanyakazi, amekunja mikono kifuani kwa sababu alikuja kutoamini. Na mimi, kitini. Kitini, wasomaji. Kiti cha magurudumu, cha kuzunguka.

Nikawaonyesha. Mkurugenzi akainama mpaka pumzi yake ikagonga kioo.

"Kwa hiyo hizi moja moja ni siku. Na hii ya mwisho?"

"Jumla, Mzee. Inajijumlisha yenyewe. Ukigusa siku moja, na yenyewe inabadilika."

"Nionyeshe."

Nikachagua mstari wa juu, kwa sababu ndio uliokuwa mbele yangu. Nikatoa wiki moja ya mwezi wa tatu. Jumla ikashuka yenyewe, na Mkurugenzi akaguna kama mtu aliyeonja mchuzi mzuri. Nikaiagiza mashine ipange upya. Namba arobaini na moja akashuka, mwingine akapanda.

Hapo mkono wangu ukasimama.

Njia ilikuwa wazi mbele yangu. Ningesema, "Sasa tuendelee," na hakuna ambaye angekumbuka kurudisha ile wiki. Namba iliyopanda angepata kazi yake ya kudumu, Wayua na Adoyo wangerudi kwenye tundu lao, na mimi ningebaki nikizunguka kwenye kiti changu. Matheka alikuwa anatabasamu. Omolo alikuwa amefungua mikono.

Nikairudisha ile wiki, siku kwa siku. Nikapanga tena. Arobaini na moja akarudi juu.

"Huyu ndiye," nikasema. "Hajakosa."

"Jina?"

"Wayua."

Omolo akacheka bila furaha. "Nilijua. Nilisema tangu mwanzo. Mkamba amekaa kwenye mashine, mashine imezaa Mkamba."

"Omolo, umeona mwenyewe nikipanga."

"Nimeona mama ukibonyeza. Ulibonyeza akashuka, ukabonyeza akapanda. Mimi nitawaambia watu nini huko nje?"

Nikamgeukia Bwana Matheka aseme neno. Ndiye aliyeniambia mashine haina shemeji.

"Mzee, mimi nilimwonya," Matheka akasema. "Nilimwambia huyu msichana asilete mambo ya nyumbani."

Msichana. Niliuma meno. Jibu nilikuwa nalo. Ningemwambia Omolo kwamba nusu ya ule mstari ni ya Adoyo, binti wa kwao Ujaluoni, siku moja ndiyo, siku moja siyo, mwaka mzima. Angenyamaza papo hapo. Na wale wawili wangetupwa nje kabla ya chai ya saa nne. Nikanyamaza mimi.

"Aitwe," Mkurugenzi akasema. "Tumwone huyo asiyeugua."

Bawabu akatumwa. Tukangoja. Hatimaye tukasikia sauti ya bawabu nje ya mlango: "Vueni viatu."

Nilisikia ile "vueni". Matheka naye aliisikia. Akafungua mlango, na sote tukaona kizingitini, kando ya viatu vyetu, jozi ya ndara za bluu, na kando yake jozi ya raba nyeupe zilizochafuka kwa rangi. Wakaingia wawili, bega kwa bega, nyayo zao zimeiva rangi ya zambarau ya mablanketi.

"Nimemwita namba arobaini na moja," Mkurugenzi akasema.

"Ndiye mimi," akasema Wayua.

"Ndiye mimi," akasema Adoyo, na akaweka kibati mezani, juu ya kile kitambaa cha maua.

Walieleza wenyewe. Hawakulia, hawakuomba. Wayua alisema kazi ilifanywa kila siku na mashine imesema hivyo hivyo. Adoyo alisema kiwanda kina zamu mbili, ya mchana na ya usiku, kwa hiyo kama kuna kazi moja ya kudumu ya mtu asiyekosa, waandikwe wote wawili, kwa sababu mtu huyo ni wao wawili. Omolo alimtazama Adoyo, akaniangalia mimi, akatazama zulia. Nashukuru aliona aibu. Wengine hawaoni.

"Koki," Mkurugenzi akasema taratibu. "Ulijua?"

"Nilijua, Mzee. Tangu Jumapili."

Matheka akavuta pumzi ya kusema, Mkurugenzi akamzuia kwa mkono. Alikuwa anakitazama kioo. Kwa muda mrefu aliziangalia zile moja moja zilizojipanga, na nikaona uso wake unabadilika. Mshangao uliondoka, ikaja hesabu.

"Kama hawa wameweza," akasema, "wako wengine."

Akanigeukia.

"Mashine inaweza kunionyesha?"

Inaweza. Nilishaona. Chini ya arobaini na moja kulikuwa na mistari mingine mizima mno, miezi isiyo na homa wala msiba, na mimi sasa nilijua maana yake. Kila mmoja ulikuwa vyumba viwili vilivyopakana mahali fulani Mukuru, na watoto ndani yake.

"Sikia, binti yangu," Mkurugenzi akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nitafutie hao wote. Leo. Ukifanya hivyo kiti ni chako kuanzia sasa, na hawa wawili nitawaandika, mmoja mchana na mmoja usiku, kama wanavyotaka. Mimi si mtu mbaya."

Wayua alifumba macho. Kazi mbili za kudumu zilikuwa hapo, juu ya meza, kando ya kibati. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Nilijua anachokitaka, nami nisingemlaumu.

Aliyesema ni Adoyo.

"Dada Koki, sisi tumekuja kwa miguu yetu. Wale wengine hawajaja."

Sikuhitaji zaidi.

"Naweza, Mzee," nikasema. "Naweza, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Lakini sifanyi."

"Umesema?"

"Nilijifunza kuhesabu kazi ya watu. Kuwawinda sikujifunza."

Nikasimama. Nikachomoa diski yangu kwenye mashine, kioo kikabaki kinanong'ona na mistari yake ya kijani, nikaizima swichi ya ukutani. Diski nikaitia ndani ya blauzi. Sijawahi kujisikia mrefu namna ile, na sikuwa hata na viatu.

Nilimtazama Matheka, nikitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyebakiza karata.

"Mzee, usijisumbue," akasema. "Diski hiyo ina ndugu yake. Mwenyewe aliniambia. Nami nikaona, mambo ya leo ni makubwa, huyu akituangusha itakuwaje? Nikamwita mtu wa akiba. Yuko mapokezi tangu asubuhi."

Akatoa kichwa nje ya mlango akaita.

Tulisikia hatua zikija kwenye korido, hatua nzito, ko, ko, ko. Nikazijua kabla ya kumwona. Mtu akainama mlangoni kuvua viatu, na kando ya ndara za bluu na raba chafu zikakaa raizoni za rangi mbili, soli nene kama mkate.

Mwalimu Phares aliingia na soksi zake. Kwapani alikuwa amebana mkebe wa biskuti wa bluu.

"Mwalimu," nikasema.

Hakunitazama. Aliwasha swichi niliyoizima. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli, akapekua diski za wanafunzi wake mpaka akaipata yenye jina langu, mwandiko wangu mwenyewe. Akaitumbukiza kwenye mashine. Halafu akakivuta kiti changu akakikalia.

Matheka alimwambia atafute wote waliohudhuria kupita kiasi, kisha akanifungulia mlango nitoke. Sikutoka. Nilikwenda nikasimama nyuma ya kile kiti, Wayua upande huu, Adoyo upande ule, tukawa tumemwinamia Mwalimu Phares kama yeye alivyokuwa akituinamia juu ya kadibodi zetu. Mistari yangu ikarudi kwenye kioo, yote.

"Iambie mashine unachotaka," nikamwambia. "Vianzie wapi, viishie wapi. Sema sawasawa, mwalimu, tukusikie."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na hapo ndipo ninapowaacha mpaka wiki ijayo.